Fungu la Makundi Maalumu Katika Ununuzi wa Umma: Jinsi Wanachama Wanavyoweza Kulipata Bila Kuazimisha Jina

Kila ifikapo mwezi wa Julai, Halmashauri zote za Wilaya, Miji na Manispaa huanza mwaka mpya wa fedha. Siku hiyo shule za bweni huhitaji mchele, unga na maharage. Zahanati huhitaji usafi na vifaa. Ofisi huhitaji karatasi, viti na matengenezo. Fedha zinazotumika ni za wananchi. Swali ambalo wanaushirika wa Shinyanga na Geita wanastahili kujiuliza ni hili: katika fedha hizo, ni kiasi gani hurudi kwa mkulima aliyelima mpunga ule ule ulioliwa shuleni?

Makala hii inaeleza sheria inasema nini juu ya jambo hilo, chama cha msingi kina nafasi gani, na hatari zipi zimo njiani. Makatibu wanaombwa kuisoma mbele ya Bodi zao na, ikiwezekana, mbele ya Mkutano Mkuu.

Sheria ilivyofika hapa ilipo

Kwa miaka mingi ununuzi mkubwa wa Serikali uliamuliwa na Bodi Kuu ya Zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ilitungwa mwaka 2001, ikafuatiwa na ile ya mwaka 2004, kisha ile Namba 7 ya mwaka 2011. Katika marekebisho ya mwaka 2016 taasisi nunuzi ziliagizwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria inayotumika sasa ni Namba 10 ya mwaka 2023, ambayo ilianza kutumika tarehe 17 Juni, 2024, na Kanuni zake zilianza Julai mwaka huo huo. Fungu la makundi maalumu limeendelea kuwamo.

Msingi wa fikra hii ni kwamba bei ndogo kuliko zote siyo faida pekee ambayo umma unaweza kuipata unaponunua. Halmashauri ikinunua mchele kwa mfanyabiashara wa mbali, inapata mchele. Ikinunua mchele wa aina ile ile kwa kikundi cha akina mama wa kata jirani, inapata mchele, na pia ada za watoto wa kata ile zinalipika, mashine ya kukoboa inapata kazi, na ushuru wa mazao unakusanyika. Faida hiyo ya pili ndiyo inayoitwa thamani ya kijamii.

Tanzania si ya kwanza kufikiri hivyo. Marekani ilipitisha sheria ya biashara ndogo mwaka 1953, ili wafanyabiashara wadogo wapate sehemu ya haki katika ununuzi wa serikali yao. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2012 sheria inayowataka wanunuzi wa huduma za umma wafikirie ustawi wa jamii kabla hawajaanza ununuzi. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 2013 mpango wa kutenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kila mahali mpango wa namna hii ulipoanzishwa, kazi ngumu zaidi imekuwa kuhakikisha kwamba anayetajwa katika karatasi ndiye anayefanya kazi na ndiye anayelipwa.

Chama cha msingi kimo au hakimo?

Hapa ndipo makatibu wengi huchanganyikiwa. Sheria inataja makundi manne, na chama cha ushirika hakimo katika orodha hiyo kwa jina lake. Chama cha msingi chenye wanachama wa kila rika, wanaume kwa wanawake, hakiwi kundi maalumu kwa sababu tu wanachama wake ni maskini au wanaishi kijijini.

Hata hivyo chama hakikufungiwa mlango. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, chama kilichoandikishwa ni chombo chenye hadhi kamili mbele ya sheria: kinaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Kwa hiyo zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni chama chenyewe kuomba zabuni kama mzabuni mwingine yeyote, kikishindana kwa bei na ubora.

Njia ya pili ni wanachama walio wanawake, vijana, wazee au wenye ulemavu kuunda kikundi chao, kikatambuliwa kupitia Idara ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri, na kushindana katika zabuni zilizotengwa. Kikundi cha namna hiyo chaweza pia kuomba mkopo usio na riba utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024.

Njia ya tatu ni kazi ndogo ndogo za ujenzi ambazo Halmashauri huzisimamia yenyewe kwa kutumia mafundi wa mtaani, utaratibu ambao maofisa huuita fosi akaunti. Mwaka 2021, fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilipojenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini kote, utaratibu huu ndio uliotumika, na mchanga, kokoto, mbao na madawati yalitafutwa karibu na shule zenyewe. Chama chenye karakana au gari kilikuwa na la kufanya. Chama kisichokuwa na stakabadhi hata ya kuuzia mchanga kilibaki kutazama.

Maana ya asilimia 30

Asilimia 30 ni fungu la mpango wa ununuzi wa mwaka. Si zawadi, wala si ahadi kwamba kila kikundi kitapata. Ndani ya fungu hilo vikundi hushindana vyenyewe kwa vyenyewe, na kila kimoja hupimwa kwa masharti yaliyomo katika nyaraka za zabuni. Mchele wenye mawe hukataliwa hata ukiletwa na wajane.

Mwenye wajibu wa kutenga fungu hilo ni Ofisa Masuuli, ambaye katika Halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji, akisaidiwa na Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi. Mpango wa ununuzi hutayarishwa pamoja na bajeti, kabla mwaka wa fedha haujaanza. Katibu anayesubiri tangazo la zabuni mwezi wa Oktoba amekwisha chelewa. Wakati wa kuuliza ni miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati bajeti ikiandaliwa, na wa kuulizwa ni diwani wa kata pamoja na ofisa ununuzi. Maswali ni mepesi: Halmashauri itanunua nini mwakani? Ni zabuni zipi zitatengwa? Je, chakula cha shule kitanunuliwa kwa zabuni moja ya wilaya nzima, au kitagawanywa katika mafungu ambayo kikundi kinayamudu?

Swali hili la mwisho ni la msingi. Sheria inakataza kuipasua zabuni moja vipande vipande kwa nia ya kukwepa utaratibu wa ushindani. Lakini kugawa zabuni katika mafungu yanayotangazwa kwa pamoja na kwa uwazi ni halali. Zabuni ya tani 200 kwa shule zote haiwezi kuchukuliwa na kikundi cha watu kumi na watano. Fungu la tani 10 kwa shule moja linaweza.

Mambo yanayotakiwa mkononi

Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma hufanyika kwa mtandao wa kompyuta uitwao NeST, ambao ulichukua nafasi ya ule wa awali ulioitwa TANePS. Zabuni hutangazwa humo, maombi hupelekwa humo, na majibu hutolewa humo. Bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa basi hadi makao makuu ya wilaya haina kazi tena. Chama kisicho na kompyuta kinaweza kutumia simu ya kisasa au kumtuma kijana msomi wa kijijini. Lakini neno la siri la kuingilia mtandao ni sawa na muhuri wa chama. Lisiachwe kwa mwenye duka la huduma za kompyuta, wala kwa mfanyabiashara anayejitolea "kusaidia".

Kabla ya kuomba, chama au kikundi kihakikishe kina hati ya kuandikishwa, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara inayohusika, akaunti ya benki yenye watia sahihi waliothibitishwa, na hesabu zilizokaguliwa. Kwa upande wa vyama vya ushirika ukaguzi huo hufanywa na COASCO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982, au na mkaguzi mwingine aliyekubaliwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika zabuni, mali bila daftari hata haianzi.

Aidha, Bodi isiingie mkataba mkubwa kwa uamuzi wa mwenyekiti na katibu peke yao. Kama chama kitakopa ili kutimiza zabuni, mkopo huo uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajisi. Muhtasari wa kikao uandikwe siku ile ile.

Hesabu ya kusubiri

Vikundi vingi huanguka baada ya kushinda. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila chama kiweke bei zake.

Kikundi kimeshinda fungu la mchele tani 10 kwa bei ya shilingi 1,950 kwa kilo. Malipo yatakuwa shilingi 19,500,000. Ili kupata tani hizo zinahitajika kilo 15,500 za mpunga. Kwa shilingi 1,000 kwa kilo, ni shilingi 15,500,000. Kukoboa ni shilingi 600,000, mifuko shilingi 300,000, usafirishaji na upakiaji shilingi 1,000,000, na gharama nyingine shilingi 200,000. Jumla ya gharama ni shilingi 17,600,000, na ziada ni shilingi 1,900,000.

Ziada hiyo ni ya kweli ikiwa malipo yatakuja mara baada ya mchele kupokelewa. Lakini kama fedha yote ilikopwa kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi, kila mwezi wa kusubiri unakula shilingi 264,000. Malipo yakichelewa miezi minne, ziada inashuka hadi shilingi 844,000. Yakichelewa miezi minane, riba imefika shilingi 2,112,000 na kikundi kimepata hasara ya shilingi 212,000, ingawa mchele ulikuwa safi na ulifika kwa wakati.

Tena, kama ili kushinda kikundi kilishusha bei hadi shilingi 1,850 kwa kilo, ziada ya mwanzo ilikuwa shilingi 900,000 tu, nayo inamalizika kabla ya mwezi wa nne kwisha. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, hesabu ya kusubiri ifanywe. Baada ya kukabidhi bidhaa, hati ya mapokezi isainiwe siku hiyo hiyo na ankara ipelekwe mara moja. Ankara iliyokaa wiki tatu katika mkoba wa katibu ni ucheleweshaji wa kikundi chenyewe, wala si wa Halmashauri. Kikundi kikumbuke pia kwamba kodi ya zuio yaweza kukatwa katika malipo, na kidai hati yake, kwani fedha hiyo huhesabiwa katika kodi ya mwaka.

Jambo la uzito nalo lisisahauliwe. Serikali hununua kwa kilo. Gunia la lumbesa, ambalo limemnyonya mkulima kwa miaka mingi, halina nafasi hapa. Mizani ikaguliwe na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo.

Kuazimisha jina

Upo mtego ambao yafaa usemwe waziwazi. Mfanyabiashara mwenye mtaji, ambaye hawezi kuingia katika fungu lililotengwa, hukiendea kikundi na kusema: "Nyinyi toeni jina na nyaraka, mimi nitaleta mali. Mkilipwa, chukueni asilimia mbili." Kwa mfano ule wa juu, asilimia mbili ni shilingi 390,000. Kwa kikundi kisicho na kitu, fedha hiyo inaonekana kama imeshuka kutoka mbinguni.

Yatazamwe yanayobaki. Aliyetia sahihi mkataba ni kikundi. Mchele ukiwa mbovu, anayeitwa ni kikundi. Mapato ya shilingi 19,500,000 yamepita katika akaunti ya kikundi, na ofisa wa kodi ataviuliza vitabu vya kikundi. Udanganyifu ukigundulika, anayeweza kufungiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma asishiriki tena zabuni za umma ni kikundi. Na mpunga? Umenunuliwa kokote alikotaka mfanyabiashara. Wanachama hawakuuza hata gunia moja, na Halmashauri imeandika katika taarifa yake kwamba imewanunulia wanawake.

Onyo hili linavihusu vyama vya msingi vyenyewe pia. Si mara moja chama kinaweza kushawishika kukisukuma mbele kikundi cha wanawake wake ili kipate fungu, halafu Bodi ikachukua faida yote. Huko nako ni kuazimisha jina, ingawa kunafanyika ndani ya nyumba moja. Utaratibu safi ni huu: kikundi kina uongozi wake, akaunti yake na vitabu vyake, chama kinakiuzia mpunga uliokusanywa kwa wanachama kwa bei iliyoandikwa na kwa stakabadhi, ziada ya zabuni inabaki kwa kikundi. Chama kimepata soko la uhakika, mkulima amepata bei, na akina mama wamepata ziada yao. Kila mmoja anaweza kumwonyesha mkaguzi karatasi zake bila hofu.

Migodi na Halmashauri si kitu kimoja

Katika ukanda wa dhahabu, watu wengi husema "zabuni" wakimaanisha kazi za migodini. Ni vizuri tofauti ijulikane. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, au ule wa Bulyanhulu ulioanza mwaka 2001, ni mali ya makampuni, na manunuzi yao hayaongozwi na Sheria ya Ununuzi wa Umma. Yanaongozwa na Sheria ya Madini na Kanuni za mwaka 2018 zinazohimiza matumizi ya bidhaa na huduma za Watanzania, chini ya usimamizi wa Tume ya Madini. Asilimia 30 haidaiwi mgodini.

Lakini yapo mahali mambo haya yanapokutana. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, mwenye leseni ya kuchimba hutakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na Halmashauri juu ya mpango huo. Madarasa na zahanati zinazotokana na mpango huo huhitaji madawati, milango, kokoto na chakula cha mafundi. Diwani anayeingia katika majadiliano hayo akiwa na orodha ya bidhaa za vyama vya kata yake ana la kusema. Asiye na orodha huishia kushukuru.

Wanachama wakumbuke vilevile kwamba mgodi una mwisho. Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza mwaka 2009 na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2021. Waliotegemea mteja mmoja waliona athari. Shule na hospitali hazifungwi dhahabu inapokwisha.

Asiyeridhika afanye nini

Kabla ya mkataba kutolewa, wazabuni wote hujulishwa nani amekusudiwa kupewa. Mzabuni anayeona kwamba hakutendewa haki ana siku chache tu za kupeleka malalamiko yake kwa maandishi kwa Ofisa Masuuli. Asiporidhika na uamuzi huo, anaweza kukata rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Siku zinazohesabiwa ni chache, kwa hiyo kikundi kisingoje kikao cha mwezi ujao. Malalamiko yaeleze kifungu cha nyaraka za zabuni kilichovunjwa. Manung'uniko ya sokoni hayasikilizwi na mamlaka yoyote.

Mizani ya zamani na ya sasa

Wazee wa Usukuma wanakumbuka kwamba ushirika wa pamba ulianzia kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walitaka uzito wa pamba yao upimwe kwa haki, na kutokana na madai hayo vyama viliungana na kuunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Vyama vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na SHIRECU ikaanza mwaka 1984. Wakati wote huo dai la mkulima lilikuwa moja: aone mwenyewe hesabu ya jasho lake.

Zabuni ya Halmashauri ni mizani nyingine. Sheria imeiweka mahali ambapo mwanachama anaweza kuifikia, lakini haitampimia asipoleta mali yake mwenyewe.

Kwa hiyo Bodi za vyama zinashauriwa kuweka katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao mambo manne: kuorodhesha mazao na huduma ambazo wanachama wanaweza kutoa kwa uhakika, kwa kilo na kwa mwezi, kumteua mtu mmoja wa kufuatilia mpango wa ununuzi wa Halmashauri na matangazo ya NeST, kuvisaidia vikundi vya wanachama vinavyostahili kuandikishwa na kutunza vitabu vyao, na kupitisha azimio, liandikwe katika muhtasari, kwamba jina la chama wala la kikundi chake halitaazimishwa kwa mtu yeyote.